Mitindo Mitatu ya Kumshinda Babu Alanus

Juzi nilikaa kwenye benchi la kusubiri dawa, na mzee aliyekaa pembeni yangu akatoa kikopo mfukoni, akakigonga mara mbili kwa ukucha, akavuta ugoro. Ile harufu ilinifikia kabla hajapiga chafya. Sikuwa nimefikiria chochote, lakini nilipotazama chini niliona mkono wangu wa kulia umeshajificha nyuma ya mgongo. Mimi hapa, mama wa watoto wawili, mwenye mkanda wa kahawia wa karate na sauti ya kutosha kumfukuza mwizi sokoni, nimeficha mkono kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nilijicheka, kisha nikakasirika. Hasira hiyo ni ya zamani na sijawahi kuiombea msamaha.

Babu Alanus hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu babu, baba yake Mama, na babu alipofariki yeye aliendelea kuja kwetu Majengo kila Jumapili baada ya misa ya pili, kumjulia hali Bibi. Alikuwa mrefu, hakosi koti la suti hata jua likiwa kali, na mikono yake ilikuwa mikubwa na migumu, mikono ya mtu aliyelima tumbaku miaka mingi. Alikuja na kilo moja ya sukari kwenye mfuko wa kaki. Anawekewa kiti cha mbao kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, anavuta ugoro wake, kisha mimi naitwa nije nisalimie.

Ninyi wa rika langu mnaijua salamu ile. Msichana hamsalimii mkubwa akiwa amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Unapiga goti, unanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeushikiza kwenye kiwiko, macho chini, "Shikamoo, babu." Na Babu Alanus aliitikia marahaba yake vizuri kabisa, kwa sauti nzito ya kanisani. Shida ni kwamba hakuachia mkono. Vidole vyake vilipanda kutoka kiganjani hadi kwenye kifundo, vikaanza kubana polepole, huku yeye anatabasamu na kuwageukia watu waliopo.

"Huyu ndiye mke wangu. Hajambo mke wangu? Haya, waambie watu, wewe ni mke wa nani?"

Jibu lilikuwa moja tu: mimi ni mke wako, babu. Ukilisema, unaachiwa na kupewa pipi. Usipolisema unabanwa mpaka machozi yatoke, na machozi yakitoka watu wanacheka zaidi. Binamu zangu wote wa kike walilisema siku ya kwanza, wakaenda zao kumumunya pipi. Mimi sikulisema. Jumapili baada ya Jumapili nilibaki pale nimepiga goti, meno nimeyauma, mpaka Babu achoke mwenyewe au chai iletwe.

Najua mtasema nini, maana nimeambiwa maisha yangu yote. Ni utani wa babu na mjukuu. Upo tangu enzi, ni mapenzi, ni namna ya wazee kuwazoesha watoto. Nakubali upo. Babu wengine wameufanya vizuri, wamewaita wajukuu wao wachumba na kuwapigia magoti wao wenyewe mpaka nyumba nzima ikafurahi. Ila mfupa uliokuwa unabanwa ulikuwa wa kwangu, na wahenga haohao wanaotajwa kila mara ndio waliosema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Isitoshe, mimi nilikuwa na sababu ambayo hakuna mkubwa aliyeijua. Mwaka ule nilikuwa kwenye mafundisho ya komunio ya kwanza, na katekista wetu alitufundisha sakramenti zote saba kwa fimbo na nyimbo. Alipofika kwenye ndoa alitueleza jambo ambalo lilinikosesha hamu ya kula. Alisema anayefungisha ndoa si padri. Wanaofungisha ni bwana na bibi wenyewe, kwa maneno ya vinywa vyao, mbele ya mashahidi. Padri anashuhudia tu. Na maneno yakishasemwa, hakuna binadamu wa kuyatengua. Nilihesabu mashahidi waliokuwa wakikaa uani kwetu kila Jumapili: Bibi, Mama, wajomba wawili, jirani na mtoto wake. Ningesema sentensi ile mara moja tu, basi, nimeolewa na Babu Alanus hadi kifo.

Nilimweleza Zuhura. Zuhura alikuwa rafiki yangu wa darasa la nne, watu wa kwao ni Wayao wa Nakapanya, Tunduru, na baba yake alikuwa na bucha nyuma ya mtaa wetu. Alinisikiliza kwa makini sana huku akitafuna muwa.

"Kwetu huwezi kuolewa hivihivi," alisema. "Mpaka baba akuozeshe, na mahari itolewe."

"Mahari gani?"

"Chochote. Huyo babu huwa haleti kitu?"

Nilitazama miguu yangu. Zuhura akaacha kutafuna.

"Haleti kitu, Truda?"

"Analeta sukari."

Tulitazamana. Siku hiyohiyo nilianza kukataa chai ya nyumbani, na Bibi akadhani nina minyoo.

Ni Zuhura aliyeamua kwamba lazima nijifunze kupigana. Hakutaka nikurupuke. Alisema mtu akienda kununua kuku hanunui wa kwanza anayemwona, anawashika kifua mmoja mmoja. Kwa hiyo tukapanga kuijaribu mitindo yote iliyopatikana Songea, tuchague ule unaofaa kwa adui wetu. Ilikuwa miezi ya kipupwe, upepo wa milima ya Matogoro unapiga mpaka masikio yanauma, na sisi tunazunguka mtaani na sweta za shule tukitafuta namna ya kumwangusha mzee wa kanisa.

Mtindo wa kwanza ulikuwa wa banda la video. Palikuwa na banda la mabati karibu na mashine ya kusaga, na Jumamosi mchana walionyesha picha za kung-fu. Watoto wa kike hawakwenda, lakini ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu la msumari, na mimi na Zuhura tulipokezana jicho. Tuliona mtu mmoja akiwapiga watu kumi na wanane kwenye ngazi. Aliruka, akazunguka hewani, akatua kwa kidole. Tulifanya mazoezi kwenye lundo la matofali nyuma ya bucha kwa siku nne. Siku ya nne niliruka kutoka tofali la juu nikiwa napiga kelele, nikatua kwa nyonga, nikachechemea wiki nzima.

Kilichoniuma zaidi ya nyonga ni kile nilichokigundua kwenye tundu la msumari. Wale watu kumi na wanane hawakuja pamoja. Mmoja anapigwa, wengine wanasubiri zamu yao wakirukaruka kwa nyuma. Babu Alanus hakuwa mtu wa kusubiri zamu. Tena mtu aliyeshikwa mkono haruki. Nilijaribu: nilimwambia Zuhura anishike, nikaruka, tukaanguka wote wawili.

Mtindo wa pili ulikuwa karate. Sensei Odilo mchana alikuwa fundi cherehani, anashona sare za kwaya, na vitambaa vilivyobaki alivigeuza suti za karate. Kwa hiyo wanafunzi wake wa mbele walionekana kama wanakwaya waliokasirika. Walifanya mazoezi kwenye ukumbi mmoja wa sakafu ya saruji, jioni mbili kwa wiki. Nilimwambia Mama kuna mazoezi ya nyimbo za komunio. Dhambi hiyo niliipeleka kwenye kitubio baadaye, padri akanipa Salamu Maria tatu, na mpaka leo naona ilikuwa bei nzuri.

Sensei hakunikataa. Alinitazama, akatazama sketi yangu, akasema, "Kesho uje na kaptura ndani." Wengine wote walikuwa wavulana. Tulisimama kwa mistari, tukahesabu kwa Kijapani mpaka kumi, tukapiga hewa. Wiki tatu nilipiga hewa. Nilijifunza kusimama, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamelegea kidogo, ili mtu akikusukuma usiende. Nilijifunza pia kelele ile inayotoka tumboni, siyo kooni. Nilikuwa na kipaji cha kelele. Hata Sensei alikiri.

Lakini swali langu lilikuwa bado halijajibiwa, na jioni moja baada ya mazoezi nilimfuata.

"Shikamoo, Sensei."

"Marahaba, Edeltruda."

"Sensei, kama mtu amekushika mkono na wewe umepiga goti, unafanyaje?"

"Goti nimepiga kwa nini?"

"Unamsalimia."

Alivuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa suti yake. Alikuwa mtu mpole, hakupenda kujibu haraka.

"Sisi tunapiga magoti mwanzo wa mazoezi, sivyo? Tunainamiana. Tunasimama. Ndipo tunapigana."

"Na kama hajakuachia usimame?"

"Atakuachia," alisema Sensei. "Hiyo ni heshima."

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo kabisa. Adui wa karate alikuwa na adabu nyingi mno. Nilimwambia Zuhura kwamba mtindo ule ni mzuri, una nguvu, lakini unahitaji kupigana na mtu aliyelelewa vizuri.

Ndipo tukaenda kwa baba yake kutafuta mtindo wa tatu, ngumi. Baba Zuhura aliwahi kupigana ngumi ujanani kwao Tunduru, na pua yake ilikuwa imelala upande mmoja kama ushahidi. Ndani ya bucha, nyuma ya pazia, alikuwa amening'iniza gunia la pumba alilolipiga asubuhi kabla wateja hawajaja. Alipoona mtoto wa kike wa Kikristo anataka kufundishwa ngumi alicheka mpaka akaweka panga chini.

"Unataka kumpiga nani, mwanangu?"

"Simpigi mtu. Nataka kujua tu."

"Wallahi, nisije nikasikia umempiga mtoto wa mtu."

"Si mtoto," nilisema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Alinifundisha kukunja ngumi, kidole gumba nje, kisivunjike. Alinifundisha nisipige kichwa, maana kichwa ni kigumu na mkono wangu ni mdogo. "Hapa," alisema, akajigusa chini ya mbavu. "Hapa hata tajiri anakaa chini." Nilipiga gunia mpaka pumba zikaanza kuvuja. Ngumi ilinipendeza kuliko karate. Ilikuwa fupi, haikuwa na maringo, na haikuhitaji Kijapani. Nikamuuliza swali langu.

"Ukipiga goti?" alisema Baba Zuhura. "Ukipiga goti vizuri sana. Goti likigusa chini refa anaingia katikati, anaanza kuhesabu. Hakuna ruhusa ya kukugusa tena."

"Na kama hakuna refa?"

Aliendelea kukata nyama ya mteja, akaipima, akaifunga kwenye gazeti. Mteja alipoondoka aliniita, akanipeleka nyuma kwenye zizi dogo alikofunga mbuzi wa kesho. Alimshika mbuzi mguu wa mbele, mkono wake umeuzunguka wote.

"Tazama mbuzi. Akivuta moja kwa moja, hatoki. Akivuta kwenye vidole vinne, hatoki. Anatokea wapi?"

Mbuzi alizungusha mguu, akauchomoa kwa ghafla upande wa kidole gumba, akaenda zake.

"Gumba liko peke yake," alisema Baba Zuhura. "Mlango wa mkono ni hapo. Hata mkono wa mtu mzima una mlango."

Hakuniuliza ni mtu mzima gani. Nimewahi kufikiri kwamba alijua, au alikisia, na hakuwa na la kufanya katika nyumba ya watu wengine zaidi ya kunionyesha mbuzi. Zuhura alivaa koti la baba yake, akakalia matofali, akawa Babu Alanus. Alinishika kwa mikono yake yote miwili na kunibana kama anakamua nguo. Tulirudia mpaka kifundo changu kikawa na alama. Kuzungusha, kuchomoa, kusimama. Kuzungusha, kuchomoa, kusimama.

Siku yenyewe sikuichagua mimi. Binamu yangu Gerold alipata kipaimara, na sherehe ikafanyika uani kwetu. Lilifungwa turubai, vikakodiwa viti, nyama ya Baba Zuhura ikapikwa kwenye sufuria mbili kubwa, na watu wakajaa mpaka kwenye mlango wa choo. Babu Alanus alikalishwa mbele, kiti chake kilekile cha mbao. Alikuwa amekunywa togwa, na pombe ya ulanzi pia, na alikuwa na furaha. Alisimama kutoa neno kwa kijana. Alimpa Gerold nasaha nzuri, nakumbuka, kuhusu kusema ukweli. Halafu akakaa na kunitafuta kwa macho.

"Na mimi leo nina tangazo. Yupo wapi mke wangu? Mwezi ujao nakuja kumchukua. Nimengoja vya kutosha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele! Sijui kama naweza kuwaeleza watu wazima jinsi sauti ile ilivyoniingia. Niliwajua wale wanawake, walinilisha, walinisuka nywele, na sasa wananishangilia niende. Nilimtafuta Mama. Mama alikuwa ameshika sinia la wali, na alikuwa anacheka pamoja nao.

"Njoo usalimie," alisema Bibi.

Nilikwenda. Nilipiga goti kwa sababu miguu ilishazoea, nikanyoosha mkono, nikasema shikamoo babu. Aliitikia, akaushika, vidole vikapanda.

"Haya, leo mashahidi wapo. Wewe ni mke wa nani?"

Angetumia neno lingine lolote badala ya mashahidi, pengine ningevumilia Jumapili moja zaidi. Nilizungusha mkono kuelekea gumba lake, nikachomoa, nikasimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, nikapiga ile kelele ya tumboni ambayo baadaye jirani wa tatu alisema aliisikia, na nikampiga Babu Alanus ngumi moja chini ya mbavu. Hakuumia sana. Nataka ijulikane hivyo, kwa sababu habari ilipofika mtaa wa Mfaranyaki watu walisema nimemvunja mbavu. Aliguna tu, kiti kikateleza kwenye nyasi, akakaa chini na koti lake la suti, ugoro umemwagika kifuani.

Hakuna aliyecheka. Spika iliendelea kuimba peke yake mpaka mtu akaizima. Mama aliweka sinia chini, akaja, akanipiga kofi mbele ya watu wote, akanivuta mpaka bombani nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa anapiga kelele kule uani kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba mtoto anayempiga mzee atakauka mkono.

Mama alifungua bomba, akauweka mkono wangu kwenye maji ya baridi. Nadhani alitaka ninawe tu damu ya pua, maana kofi lilikuwa la kweli. Lakini aliuona mkono. Palikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, za leo, na chini yake za manjano za wiki zilizopita, nyingine za Zuhura, sikatai, ila nyingi hazikuwa za Zuhura. Alizigusa moja moja.

"Kwa nini hukusema tu?" aliuliza. "Ni maneno, Truda. Unasema, anakuachia."

"Ningeolewa."

Nilimweleza yote: katekista, mashahidi, sukari. Alinisikiliza huku maji yanamwagika bure, na Mama hakuwa mtu wa kumwaga maji. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mimi nilisema," alisema mwishoni. "Wa kwangu alikuwa babu mwingine, kule kijijini. Nilisema siku ileile ya kwanza."

Nilishtuka. "Ukaolewa?"

"Hapana, mwanangu. Nilipewa pipi."

Alifunga bomba, akanifuta mkono kwa kanga yake, tukakaa pale nyuma mpaka sherehe ikaisha.

Watu wanaojua nimefanya mazoezi miaka mingi hunijia na swali. Binti yangu ajifunze nini, karate au ngumi, au ile mieleka ya kukabana chini? Mimi nimejaribu karibu vyote. Ngumi inafundisha kuumia bila kushangaa. Karate inafundisha kusimama. Judo niliyoijua ukubwani inafundisha kuanguka na kuinuka, na nani hahitaji hiyo? Ukinibana niseme upi unaokoa mtu barabarani, nitasema ule unaoufanyia mazoezi hata ukichoka. Lakini kuna jambo ambalo sijalikuta kwenye mtindo wowote. Yote huanza baada ya salamu. Watu wanainamiana au wanagusana glavu, kisha wanarudi nyuma hatua moja ndipo vita vianze. Mtoto wa kike anayekamatwa ndani ya salamu yenyewe, mbele ya ndugu zake wanaocheka, hajatungiwa mtindo, na mimi mwenyewe sijamaliza kuutunga.

Jumapili iliyofuata kikao kiliitishwa. Wajomba wawili, Bibi, Mama, na Babu Alanus kwenye kiti chake, ambacho mguu ulikuwa umepigiliwa msumari mpya. Bibi alikuwa ametoa jogoo wa faini, amefungwa miguu, amelala pembeni. Ilikuwa imepangwa hivi: mimi nipige magoti, niombe msamaha, nisalimie, jogoo aondoke, mambo yaishe.

Lakini kwanza walicheka. Mjomba mkubwa alikuwa ameshasikia kwa Mama habari ya katekista na mashahidi, na aliisimulia upya kwa Babu Alanus huku akijifuta machozi. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Babu Alanus alicheka kuliko wote, akajipigapiga pajani. "Kumbe aliamini! Kumbe mke wangu aliamini!" Nilisimama katikati yao nikisubiri wamalize. Sasa nilikuwa najua. Hakuna ndoa, hakuna mahari, sukari ni sukari. Ningeweza kusema ile sentensi mara mia na kubaki binti wa darasa la nne. Nilijua ni utani, nikajitazama moyoni, na nikakuta bado sitaki.

Niliomba msamaha kwa ajili ya ile ngumi. Nilisema, "Babu, nisamehe kwa kukupiga na kukuangusha mbele ya wageni." Hilo nilikuwa tayari kulisema, na nilimaanisha.

"Nimekusamehe," alisema Babu Alanus. Akanyoosha mkono wake mkubwa. "Haya, njoo mke wangu, tuyamalize."

Sikwenda. Nilibaki hatua tatu kutoka kwake, mikono nimeifunga nyuma, nimesimama.

"Shikamoo, babu."

Mkono wake ulibaki hewani. Alinitazama, akawatazama wajomba.

"Goti, Truda," alisema Bibi.

Sikupiga.

"Goti! Hujasikia?"

Machozi yalikuwa yamefika, nasema ukweli. Mjomba mkubwa aliinuka nusu kwenye kiti. Babu Alanus hakuitikia. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo ni kama amekutoa kwenye hesabu ya watoto wake, na kila mtu pale uani alilijua hilo, na kila mtu alisubiri kuona nani atashindwa kwanza.

Mama alikuwa anamimina chai. Aliweka chupa chini, akaifunga kifuniko, akatembea mpaka pale niliposimama. Hakunikinga. Alisimama tu kando yangu, bega lake karibu na kichwa changu, naye mikono ameifunga nyuma.

"Mzee," alisema taratibu, "mtoto amekusalimia."

Babu Alanus akautazama mkono wake mtupu. Akaurudisha mapajani.

"Marahaba," akasema.